Geti Linalotazama Baa

Tarehe 14 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakupa mbili kabisa, ya asubuhi na ya jioni, maana sijui barua hii utaifungua saa ngapi. Sisi huku hatujambo. Mume wangu amehamishiwa zamu ya asubuhi, kwa hiyo siku hizi tunaonana badala ya kupishana mlangoni kama wapangaji. Mjukuu wako ameota jino la pili na anauma kila kinachopita mbele yake, na mimi nikiwemo. Kazini ni yale yale: mashuka ya hospitali yanaingia machafu, yanatoka meupe, kesho yanarudi tena. Mikono yangu imeanza kufanana na yako.

Masikio yako vipi? Juzi nilikupigia simu, nikakusalimia vizuri, ukaniambia, "Hatujafungua bado, njoo jioni," ukakata. Nilicheka mpaka wenzangu dobini wakaniuliza kuna nini. Basi nimeona nirudi kwenye kalamu, huku angalau hunifukuzi.

Sasa neno lenyewe. Nyumba ya marehemu baba iko wazi tangu yule fundi cherehani ahame. Nimeiwaza sana, na mume wangu amekubali: tuifanye chekechea. Vyumba viwili vya mbele viwe madarasa, cha nyuma cha mwalimu, na ua upo wa kutosha. Mwalimu nimeshampata, msichana wa huku niliyesoma naye sekondari, mpole lakini hachezewi. Kinachotakiwa sasa ni mtu wa kuwasimamia mafundi, na mtu huyo ni wewe. Kwanza uko ng'ambo ya barabara tu. Pili, fundi wa kukudanganya wewe bado hajazaliwa.

Nia yangu ni moja, Shangazi. Sitaki mtoto mwingine wa mtaa ule asomee juu ya kreti ya bia kama nilivyosomea mimi.

Nijibu upesi, roho iko juu.

Kijiko wako


Tarehe 9 Februari

Kijiko mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Barua yako niliifungua mchana, kwa hiyo ile ya jioni nimeiweka akiba. Mimi mzima, ila goti la kushoto na masikio yote mawili. Wateja wameshazoea. Hawanisemeshi tena, wananyoosha vidole tu. Kidole kimoja, bia moja. Viwili, mbili. Fundi seremala akinyoosha mkono mzima najua leo amelipwa kabati la mtu. Mtu akiingia humu kwa mara ya kwanza atadhani ni baa ya mabubu.

Mjukuu wangu mwache aume. Wewe ulikuwa unalala umeng'ang'ania kijiko mdomoni, na tukikichomoa unaamka unalia mtaa mzima unasikia. Ndiyo maana jina hilo halikubanduki mpaka leo.

Huku tumeletewa sheria mpya ya vileo. Walitukusanya ukumbini wenye baa wote, wakasoma. Mimi sikusikia kitu, nikasubiri wamalize, nikaenda kuisoma ukutani. Kuuza ni kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku, basi. Si karibu na hospitali, si ndani ya stendi, na mengine chungu nzima. Sasa ungewaona wateja wangu. Wanakuja saa kumi, wanakaa kwenye mabenchi na soda zao, macho yote kwenye saa ya ukutani, wamenyooka kama wanasubiri matokeo ya mtihani. Fundi amenunua saa ya mkono, akaisogeza mbele, kila siku ananionyesha kwamba muda umefika. Mimi namwonyesha ya ukutani. Jana alileta ngazi, anasema anataka kuifuta vumbi saa yangu. Nikamwambia shuka.

Sijavunja saa za sheria hata siku moja. Baa hii ndiyo imenivika na kunilisha miaka yote, nami naiheshimu. Afisa leseni mwenyewe, kijana mwenye adabu, ananiita mama na kunitolea mfano kwa wenzangu.

Kuhusu chekechea, nimesoma yote uliyoandika na nimeyaelewa. Nitawasimamia. Kitu kimoja tu nakuuliza, na ukijibu ujibu kwa makini: geti unataka likae upande gani? La sasa limeoza, itabidi lijengwe jipya. Linaweza kukaa mbele, barabarani, kunitazama mimi. Au linaweza kukaa nyuma, kule kwenye njia ya mashine ya kusaga. Fikiria kabla hujasema.

Shangazi yako


Tarehe 2 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu kwa habari za ngazi. Msalimie Fundi, mwambie mtoto wa pale baani anamkumbuka.

Sisi wazima. Mdogo alipata homa, ikapita. Tumetuma tulichokuwa nacho kwa ajili ya mabati na rangi, najua utakibana mpaka kilie.

Sasa wewe na geti! Mbona unauliza kama mkandarasi? Bila shaka liwe mbele. Kule nyuma kuna mtaro, na geti la nyuma ni la watu wenye kuficha jambo. Shule lazima ionekane, mzazi akipita ajue hapa pana watoto. Tena nataka likutazame wewe, ili ukikaa dirishani kwako uwaone wakiingia na kutoka. Lipigwe rangi ya buluu. Sina la kufikiria zaidi hapo.

Kijiko


Tarehe 20 Juni

Kijiko mwanangu,

Usinune. Najua ni miezi, na najua barua zako mbili za katikati sijazijibu. Mkono ulikuwa mzito. Goti pia lilinisumbua, ingawa goti haliandiki barua.

Nawasalimu wote. Mwambie mkwe wangu zile dawa za kuchua zimefika na zinanuka mpaka kwa jirani.

Shule imekwisha. Mabati mapya, sakafu imesuguliwa, choo cha watoto kidogo kama cha wanasesere. Fundi ametengeneza viti na meza fupi, mbao ngumu nzuri ya zamani ambayo siku hizi huipati dukani. Tuliipata hapa hapa. Kavipiga msasa hadi ukipitisha mkono hausikii kitu. Alikataa malipo ya viti, akakubali ya meza. Geti liko mbele, la buluu, ulivyotaka. Mwalimu wako ni mtu. Siku ya kufungua watoto walilia wote kwa pamoja, nasikia, mimi niliona midomo tu. Wiki ya pili walikuwa wanalia wakati wa kwenda nyumbani.

Afisa wa elimu alipokuja kuisajili aliuliza majirani kama kuna mwenye pingamizi. Mimi ndiye jirani. Nilisema sina.

Siku hizi nalala mapema. Ni vizuri, mwili ulikuwa umechoka.

Shangazi yako


Tarehe 11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mtoto ameanza kusimama akishika meza, baba yake anapiga makofi kana kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kusimama. Sisi wazima.

Barua yako niliifurahia siku nzima. Niliwasomea wenzangu dobini habari za choo cha wanasesere. Kesho yake ikafika barua ya mwalimu. Ananieleza habari za watoto, madaftari, uji wa saa nne, halafu mwishoni ananiandikia hivi: "Tunashukuru pia kwamba ile baa ya mbele imefungwa, wazazi sasa hawana wasiwasi."

Nimeikalia sentensi hiyo, Shangazi. Baa ipi? Mtaa ule una baa moja tu. Mwalimu ni mgeni, hajui wewe ni nani kwangu zaidi ya kuwa msimamizi wa mafundi. Nikarudi kwenye barua yako. Hakuna wateja. Hakuna saa ya ukutani. Fundi yumo, lakini hanyooshi kidole. Unalala mapema! Wewe, uliyekuwa unazima taa ya mwisho mtaani!

Na mbao ngumu ya zamani mliipata wapi?

Niambie ukweli. Nimepiga simu, nimesikia unasema "Nani?" mara nne, nikashindwa.

Kijiko


Tarehe 5 Agosti

Kijiko,

Marahaba mwanangu. Asimame tu mjukuu wangu, na akianguka msimkimbilie mbio, ataogopa sakafu.

Sikutaka uyajue kwa mtu mwingine. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia, na kila nilipoipata ilikuwa mbaya.

Yale "mengine chungu nzima" niliyokutajia, moja lilikuwa la shule. Kileo kisiuzwe ndani ya mita mia mbili za shule, na hizo mita zinapimwa kwa njia anayopita mtu kwa miguu, kutoka geti la shule hadi mlango wa baa. Leseni yangu ilikuwa inaisha tarehe mosi Juni. Yule kijana wa leseni alikuja na tepu yake, akashika ncha kwenye geti la buluu, akavuka barabara. Hata hakuivuta ikaisha. Alikaa hapo kwenye kizingiti changu akiwa ameinamisha kichwa, halafu akaniandikia kwenye karatasi, kwa kuwa nisingesikia: "Mama, geti hili lingekaa nyuma ungepita. Kule mpaka uzunguke mashine ya kusaga na karakana, ni mbali." Nikamwambia najua.

Nilijua tangu Februari. Ndiyo maana nilikuuliza.

Utasema kwa nini sikukueleza. Ningekueleza, ungefanya nini? Ungeiacha shule kwa ajili ya baa, nami ningekuwa nimewanyima watoto. Au usingeiacha, na hilo ndilo nililoliogopa zaidi. Nikaona nikuulize swali tupu, ujibu mwenyewe bila kunitazama usoni. Ukajibu. Ukasema geti la nyuma ni la watu wenye kuficha jambo.

Lakini siyo geti lililonifunga mdomo, nisikudanganye. Ni ile kreti. Kijiko, mimi ile kreti nilikuwa naipangusa kila siku kabla hujarudi shuleni. Naipindua, naitandikia kile kitambaa cha maua, naweka pale kwenye kona yenye taa nzuri, wewe unakaa kwenye ndoo unaandika. Nilikuwa nawaonyesha wateja: mwanangu yule, anasoma. Miaka yote nilidhani nimekupa dawati. Barua yako ya Januari ilinifundisha kumbe nilikupa aibu. Ningewezaje tena kukuomba uiokoe baa?

Imeniuma. Sikuandikii ili uumie nawe, ila umeuliza ukweli.

Mabenchi yangu ndiyo viti vya watoto. Fundi aliyapasua mwenyewe, na siku ile hakusema neno, ama alisema sikusikia.

Shangazi yako


Tarehe 26 Agosti

Shangazi,

Shikamoo, ingawa sijui kama nastahili kuitikiwa. Mtoto ameanza kutembea.

Barua yako niliisomea kazini, kati ya mashine mbili, kwa sababu pale mtu akilia wanadhani ni mvuke. Mume wangu amenisihi nisubiri siku chache kabla ya kujibu. Nimesubiri, na bado sina maneno mazuri.

Kitambaa cha maua nakikumbuka. Kilikuwa na doa la chai pembeni lenye umbo la sikio. Sitakudanganya na mimi: ndiyo, kuna siku nilikuwa naona aibu. Wenzangu darasani walinusa madaftari yangu na kuziba pua, na nilirudi nyumbani nikikuchukia bila kukuambia. Hiyo ndiyo iliyoandika ile sentensi. Ilikuwa aibu ya mtoto, nikaiokota nikiwa mtu mzima na kuiandika kama hekima.

Ila sikuandika yaliyobaki. Sikuandika kwamba nikifungua kitabu ulikuwa unanyoosha kiganja juu, na baa nzima inanyamaza mpaka nimalize kusoma ukurasa. Sikuandika kwamba Fundi ndiye aliyenifundisha sehemu, kwa chupa: hii imejaa, hii nusu, hii robo, na hii ya robo hakuiacha ikae muda mrefu. Nani mwingine shuleni kwetu alikuwa na watu wazima wote wale wakimsubiri amalize hesabu? Nayajua hayo yote, Shangazi, na mkono wangu ukaandika kreti.

Na ile ya geti la nyuma niliiandika nikicheka. Nilidhani nina akili.

Sasa nisikilize. Nimeshamwandikia mwalimu. Geti la mbele litazibwa kwa matofali, litafunguliwa la nyuma, na mtaro tutaufunika kwa zege. Mwashi amekubali kuanza mwezi ujao. Wewe nenda kwa yule kijana wa leseni, mwambie aje apime upya. Watoto watazunguka, watapata mazoezi ya miguu. Fundi atatengeneza mabenchi mengine. Tafadhali. Nenda hata kesho.

Nisamehe.

Kijiko wako, kama bado ni wako


Tarehe 30 Septemba

Kijiko wangu,

Marahaba. Usirudie tena kuuliza kama ni wangu, utaniudhi.

Mimi naendelea. Goti limepoa, masikio yamekata shauri kabisa. Nimefurahi kwamba mtoto anatembea. Mfunge kengele mguuni umsikie anakokwenda, ingawa mimi kengele hiyo isingenisaidia.

Mwashi alikuja na matofali yake. Nimemrudisha. Usimkasirikie, nilisimama mbele ya geti akakosa pa kupita.

Kwa yule kijana wa leseni nilikwenda siku ileile barua yako ilipofika. Nilivaa gauni la kijani. Aliponiona alisimama, akanipa kiti, akaandika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Sheria hiyo hiyo ina kipande kingine: kwenye mitaa ya makazi hakuna leseni mpya. Za zamani zinahuishwa tu, mwaka hadi mwaka, lakini ikikatika siku moja haiungwi tena. Yangu ilikatika Juni. Hata geti ukilipeleka juu ya bati, haitarudi. Nilimuuliza mara mbili, akanionyesha mstari kwa kidole. Nilirudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kupanda kitu.

Kwa hiyo imekwisha, mwanangu, na sisi wote wawili tumechangia. Wewe uliandika bila kufikiri, nami nilifikiri bila kuandika. Ningekuambia mwezi Februari tu, neno moja, leo kungekuwa na watoto kule na baa huku, na geti mahali pake. Nilijifanya ninakulinda, kumbe nilikuwa nimenuna. Nimekusamehe, hilo lilikwisha zamani. Mimi mwenyewe ndiye bado sijajisamehe, naona litachukua muda.

Fundi anakwenda kunywa ng'ambo ya reli siku hizi. Anasema bia ya kule ni moto na mwenye baa anasikia vizuri mno, kila ukisema kitu anajibu. Akipita hapa saa kumi na moja anasimama mlangoni, ananionyesha saa yake ya mkono. Namwonyesha ya ukutani. Halafu anakwenda.

Geti liache palepale. Umesema unataka niwaone wakiingia na kutoka, basi nawaona. Asubuhi naweka kiti dirishani. Naijua sasa ile midomo yote, yupi anaimba na yupi anadanganya kuimba. Kreti yako niliwapelekea, iko chini ya bomba. Wafupi wanapanda juu yake kunawa mikono. Mwalimu aliniuliza imetoka wapi, nikamwambia ilikuwa dawati la mtoto wangu.

Juzi kuna kimoja, kisichana kifupi kuliko wote, kilitoka mpaka kwenye geti, kikashika nondo, kikanitazama. Nadhani Fundi ndiye aliyewafundisha, huyo hawezi kuacha utundu. Kikanyoosha vidole viwili.

Nikainuka, Kijiko. Sikufikiri. Nilishafika kwenye friji, nimeufungua mlango na mkono umo ndani, ndipo nikakumbuka kwamba haina umeme tangu Juni.

Njoo ukipata likizo. Ingia kwa mbele.

Shangazi yako